Aliyeshika ukoo ni shangazi, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka

SEHEMU YA 1

Nilisema wiki hii tunaendelea na kunyonyesha, lakini naomba tusogeze mbele kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na nataka tuliongee. Ni refu, nimeligawa vipande vitatu. Mwenye mtoto kifuani sasa hivi ana muda, asome taratibu.

Pale kliniki, mama akija hudhurio la kwanza na mimba yake, kuna maswali lazima tumuulize. Umri. Mimba ya ngapi. Hedhi ya mwisho lini. Halafu tunafika kwenye ukoo. Kwenu kuna mtu mwenye sukari? Mwenye presha? Mama yako au dada yako aliwahi kupata kifafa cha mimba? Kuna mapacha? Kuna mtoto mwenye selimundu? Nimekaa kwenye kile kiti miaka mingi, na jibu ninalolisikia kuliko yote ni moja: "Sijui, sista."

Wala si wajinga. Huyo huyo anajua bei ya pampasi duka kwa duka, anajua mtoto wa staa fulani kaanza kutembea lini. Lakini ukimuuliza dada yake baba yake anaitwa nani, yuko wapi, alizaa wangapi na waliopona ni wangapi, anakuangalia kama umemuuliza hesabu. "Niliwahi kumuona msibani," ndiyo jibu refu kuliko yote.

Na msidhani tunauliza ili tujaze kadi. Kama mama yako mzazi au dada yako wa tumbo moja alipata kifafa cha mimba, na wewe hatari yako iko juu kuliko mwenzako, kwa hiyo presha yako tunaifuatilia kwa karibu na daktari anaweza kuamua akuanzishie aspirini ya dozi ndogo mapema. (Daktari ndiye anaamua. Usije ukajianzishia mwenyewe halafu ukasema sista wa mtandaoni kasema.) Sukari ikiwa imetembea kwenu, kipimo cha sukari kwenye ujauzito ni cha kukazania. Mapacha wa mayai mawili, tabia hiyo inakuja kwa upande wa mama. Kwa hiyo "sijui" ni kama kuja kliniki nusu.

Hapo nina malalamiko yangu madogo kuhusu neno "anti". Siku hizi watoto wetu shangazi ni anti, mama mdogo ni anti, mke wa mjomba ni anti, na jirani anayeuza vocha ni anti. Mjomba na baba mdogo wote ni anko. Wazee wetu hawakuwa na maneno yote yale kwa kupenda maneno. Ukisema mjomba, mtoto anajua moja kwa moja huyu ni damu ya mama. Ukisema shangazi, anajua ni upande wa baba. Ukisema anko, hajui kitu, na akikua akaja kwangu kliniki atasema sijui.

Mimi ukoo wangu niliujua kabla sijamaliza shule ya msingi, na ni kwa sababu ya mtu mmoja. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Nimekulia Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Shangazi alikaa kijijini upande wa Muheza, chini ya saa moja kwa basi ukiondoa muda wa kusubiri lijae. Hiyo ni miaka ya tisini. Likizo ya mwezi wa sita ikifika tunapelekwa kwake, watoto wa kaka zake na wadogo zake wote, kuna mwaka tulifika kumi na wanne. Na mwezi wa sita kule machungwa yameiva. Ukiamka unakuta ameshamenya karai zima, ameacha lile ganda jeupe, amekata vichwa, kila mtoto anachukua anafyonza kabla ya chai. Chai yenyewe ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mchana bada na kisamvu cha nazi. Sisi watoto wa mjini siku ya kwanza bada tunaikataa, siku ya tatu tunagombania sufuria.

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Sikumbuki hata siku moja kuniambia ananipenda. Alikuwa anaona, basi. Mtoto akikojoa usiku, mkeka unatolewa nje alfajiri kabla wenzake hawajaamka, na hakuna anayetajwa. Kuna binamu yangu alikuwa na kigugumizi kikali. Huyo ndiye shangazi alimtuma dukani kila siku. Akirudi anamuuliza mbele yetu sote bei ya kila kitu, chumvi shilingi ngapi, kiberiti shilingi ngapi, halafu anasubiri amalize. Inaweza kuchukua muda. Yeye anasubiri, na ole wake anayecheka. Mimi nilikuwa naogopa giza. Hakuniambia usiogope. Alinipa koroboi, akasema tukienda chooni usiku mwenye taa ni wewe, wengine wote nyuma yako. Mtoto aliyeshika taa anaogopaje?

Jioni alikuwa anakaa kwenye jamvi na ungo wa mchele, anachambua huku anataja watu. Hakuwa na kalenda, alikuwa na matukio. Huyu alizaliwa wakati wa vita vya Kagera. Yule siku zile MV Bukoba imezama. Huyu mdogo kabisa kazaliwa kwenye mvua za El Nino, mkunga kavushwa mto kwa kubebwa. Na waliokufa aliwataja pia, kwa majina, kama vile wametoka kidogo tu. Kabla ya baba yako kulikuwa na mtoto wa kike, aliishi miezi saba. Baba yenu mkubwa watoto wake watatu wa mwanzo walikwenda kwa ule ugonjwa wa mikono na miguu kuvimba.

Sisi tunasinzia, mbu wanatung'ata, tunaona ni hadithi za watu wazima. Kumbe tunapewa historia ya ugonjwa wa familia, kamili kuliko nyingi nilizowahi kuandika kwenye faili.

Shangazi alifariki 2014. Ngojeni niwaambie kilichofuata.

SEHEMU YA 2

Asanteni kwa meseji za jana. Wengi mmenitajia shangazi zenu, bibi zenu, mmoja kanitajia baba mdogo wake aliyekuwa anamsuka nywele kwa sababu mama yake alikuwa anaumwa. Nimezisoma zote, hata kama sijajibu.

Leo naongelea mtoto. Nimeomba ruhusa kwa mama yake, na vitu viwili vitatu nimebadilisha ili asijulikane.

Yule baba mkubwa niliyemtaja, aliyefiwa na watoto watatu, alibakiwa na wa mwisho wa kiume. Baba mkubwa mwenyewe alifariki kijana huyu akiwa mdogo sana, na mama yake akahamia naye Dar kwa ndugu zake. Pakaishia hapo. Hakukuwa na ugomvi. Nauli tu, na maisha. Zile likizo za machungwa hakuwahi kuja hata moja. Ukoo ulipofungua grupu la WhatsApp hakuwekwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na namba yake.

Nilimuona miaka michache baada ya shangazi kufariki, kwenye msiba wa mzee mwingine. Mjue siku hizi misibani ndiyo tunatambulishana. "Huyu ni mdogo wako." "Ahaa, kumbe!" Mnapeana mikono mbele ya jeneza, mnapiga picha, kila mtu anarudi kwake. Basi alikuja na mke wake na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mimi nikampokea mtoto ili mama yake ale. Nikashika mkono. Vidole vimevimba, vimejaa kama ndizi mshale. Nikamvuta kope la chini, jeupe. Macho yana umanjano kwa mbali.

Nikamuuliza mama, huyu anaumwa nini? Akasema, wifi, huyu mtoto wodi ndiyo nyumbani kwake. Kalazwa mara nne. Kila mara wanatuambia malaria na damu ndogo, anaongezewa damu, tunarudi. Mikono ikivimba wanatuambia labda kaanguka. Na majirani walikuwa wameshaanza yao, kwamba kuna mkono wa mtu, na mume alikuwa karibu kuuza pikipiki ili wapelekwe kwa mtaalamu.

Nikamuuliza mume, wewe unajua kwenu mlizaliwa wangapi? Akasema, peke yangu.

Peke yake! Wamemtangulia watatu, kwa ugonjwa wa mikono na miguu kuvimba, na yeye ana miaka thelathini na hajui kwamba waliwahi kuwepo. Mama yake hakuwahi kumwambia, na mimi simlaumu, mwanamke aliyezika watoto watatu ana haki ya kutoongea. Lakini ndiyo maana lazima kuwe na mtu wa pili wa kuongea. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi.

Mtoto alipimwa wiki ile ile. Selimundu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hata kama hadithi haikuhusu. Selimundu inarithiwa kutoka pande zote mbili. Baba awe amebeba na mama awe amebeba, wao wenyewe wazima kabisa, wanafanya kazi, wanacheza mpira. Wakikutana wawili wa hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba, sio kwamba mkishapata mmoja watatu wanaofuata wako salama. Hakuna mkono wa mtu. Na huwezi kumlaumu mama peke yake, maana nyumba nyingi zimevunjika hapo, "ugonjwa umetoka kwenu". Umetoka kwenu wote.

Mtoto mwenye selimundu mara nyingi anazaliwa mzima tu. Dalili zinaanza baada ya miezi kadhaa: viganja na nyayo kuvimba na kuuma, kupungukiwa damu mara kwa mara, macho ya njano, homa za kila siku. Malaria inaweza kuwepo kweli, na kwa mtoto huyu ni hatari zaidi, lakini haielezi vidole kuvimba. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo msione aibu kuomba kipimo. Ukiona mtoto kaongezewa damu mara ya pili, uliza: amepimwa selimundu? Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Mtoto wetu sasa yuko kliniki ya selimundu, anakunywa dawa zake, analala kwenye chandarua, anakunywa maji mengi, ameanza shule. Kuna siku mbaya. Mwaka jana alilazwa na maumivu wiki nzima. Lakini wodi siyo nyumbani kwake tena, na pikipiki haikuuzwa.

Nawaza tu, jioni moja ingetosha. Baba yake akiwa na miaka tisa, jamvini, shangazi anachambua mchele.

SEHEMU YA 3

Haya, sasa tuje kwenye kile ambacho wengi mmeandika. "Watu wa siku hizi wabinafsi." "Simu zimeua undugu." "Zamani tulipendana."

Mimi sikubaliani. Watu si wabaya kuliko zamani. Nenda wodi ya wazazi usiku wa manane damu ikihitajika, utaona wanaume wametoka Chanika na Bunju kuja kutoa damu kwa ajili ya mke wa binamu. Upendo upo. Tatizo ni kwamba mtu anakaa chumba na sebule, kodi kalipa miezi sita kwa mkupuo, choo ni cha wapangaji saba. Mgeni na watoto wawili watalala wapi? Mwezi wa sita akitaka kwenda kwao na watoto watatu, nauli ya kwenda na kurudi ni ada ya muhula. Na akifika anatazamwa mikono, maana mtu wa mjini ana hela. Anaona bora abaki. Tukimwita mbinafsi tunamuonea.

Lakini hayo yote yalikuwepo kwa namna yake hata miaka ya tisini, na bado tulikuwa tunapelekwa. Baba yangu hakuwa na hela. Kwa nini ukoo ulishikamana? Nimefikiri sana, na jibu langu wengine halitawafurahisha. Ulishikamana kwa sababu kuna mwanamke mmoja alikuwa anafanya kazi ya kuushika, bila malipo, bila likizo, na sisi wote tukaita ile kazi kuwa ni wema wake tu. Tabia yake. Kaumbwa hivyo.

Shangazi alipofariki, siku ya arobaini wazee walimwita binti yake mkubwa, mwalimu, ana watoto wake wanne. Wakamwambia kwa furaha kabisa, sasa wewe ndiye shangazi yetu, nyumba hii ibaki kama ilivyokuwa, watoto waendelee kuja. Watu wakapiga makofi. Yeye akasema hapana.

Kimya. Akasema, kwa sauti ya chini: "Mimi kitanda changu nilikuwa nakiona miezi kumi kwa mwaka. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili nalala jikoni. Mlipokuwa mnaondoka nilikuwa nafua mashuka siku mbili. Mama alipika kwa watu kumi na wanne, na kuni nilikuwa nabeba mimi. Hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Nawapenda, lakini sitaweza."

Wazee walikasirika. Walisema kasoma sana. Kuna mmoja hakumsalimia mpaka leo. Mimi niko upande wake, na nilimwambia siku ile ile. Likizo yetu tamu ilikuwa kazi yake, na alikuwa mtoto kama sisi. Ile picha ya karai la machungwa, kuna mtu alikuwa ameshaamka saa kumi na moja kuyachuma.

Kwa hiyo mkiniambia turudishe undugu wa zamani, nawauliza: nani atabeba kuni? Maana nikiangalia mikutano ya ukoo, naona wanaume wameweka viti mbele wanaongelea umoja, na wanawake wako nyuma na masufuria wanaongelea mgongo. Shangazi hana mrithi kwa sababu mabinti wameona alivyoishi.

Kuna jambo lingine siwezi kuliruka, kwa kazi ninayofanya. Si kila ndugu ni mwema. Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Na wanaoletwa kwetu wengi hawakuumizwa na mtu wa porini, waliumizwa na mtu waliyemwita anko. Kwa hiyo mama anayeniambia "sista, mimi mwanangu halali kwa mtu" simcheki hata kidogo. Na wapo watoto waliotolewa kijijini wakaambiwa wanaenda kusomeshwa na ndugu mjini, wakaishia kuosha vyombo na kulea watoto wa wenzao. Hilo nalo liliitwa undugu.

Hofu ni halali. Ila mtoto asiyemjua ndugu yeyote naye hayuko salama, kwa sababu siku akiumizwa ndani ya nyumba hana mtu wa nje wa kumwambia. Yule binamu mwenye kigugumizi, kuna jambo lilikuwa linaendelea shuleni kwao, na mtu wa kwanza kuambiwa ni shangazi, siyo mama yake. Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja wa pembeni. Msipeleke watoto peke yao kwa mtu msiyemjua, nendeni nao. Kaeni siku mbili, muone nani anaingia na kutoka, mtoto analala wapi na nani. Mfundisheni majina ya viungo vyake na kwamba siri ya mwili siyo siri. Halafu mkiridhika mwacheni acheze na binamu zake, achafuke.

Sasa naongea na akina baba. Najua mnasoma, maana wake zenu wananiambia mnachukua simu zao.

Nimegundua kitu wodini. Mama akijifungua, simu za kwao anapiga yeye, za kwao na mume anapiga pia yeye. Dada wa mume akikasirika kwamba hakuambiwa, anamkasirikia wifi yake. Mama mkwe akiumwa, anayetakiwa kukumbuka ni mke wa mtoto. Yaani mwanamke ana kidonda, maziwa yanauma, hajalala siku tatu, na bado kazi ya kushika koo mbili ni yake. Baba, huyo ni dada yako. Namba yake unayo. Mpigie wewe. Sheria ya ajira inakupa siku 3 za likizo mkeo akijifungua, na ni chache, nakubali, lakini simu ya shangazi wa mtoto ni dakika kumi.

Na mama wa mume, au wa mke, akija kusaidia uzazi, mpokeeni kama mtu mwenye mgongo. Asiwe wa kuamka usiku, kupika, kufua nepi na kukanda maji ya moto peke yake mwezi mzima halafu mnasema bibi anapenda mjukuu wake. Anampenda, ndiyo. Pia ana presha. (Akimpa mtoto wa wiki mbili maji au uji, mzuieni kwa adabu. Maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita. Na kitovu hakipakwi kitu cha kienyeji. Hapo sina mjadala hata na bibi.)

Sisi kwetu tumejaribu. Nyumba ya shangazi haikuendelea, shamba likagawanywa, michungwa mingine ikakatwa. Lakini kuanzia 2021 tunakutana siku mbili mwezi wa kumi na mbili, kila mwaka kwa mtu mwingine. Kila familia inakuja na chakula chake, na kuosha vyombo ni zamu ya wanaume, imeandikwa kabisa kwenye grupu. Mwaka wa kwanza tulikuja familia tisa. Mwaka uliofuata sita. Mwaka jana tano, na mbili kati yao ziliondoka siku ile ile. Binti wa shangazi anakuja kila mwaka, anakaa kwenye kiti, hagusi sufuria, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Sijui kama itadumu.

Anayeshika orodha sasa ni yule binamu wa kigugumizi. Ni fundi umeme. Mwisho wa mwezi anapigia watu, mmoja mmoja, siyo meseji ya kutuma kwa wote. Bado anakwama kwenye maneno, ukipokea lazima usubiri. Yeye ndiye aliyeandika kwenye daftari la mistari makubwa watoto wote wa ukoo, waliopo na waliokufa, na pembeni ya kila jina kaweka alichougua. Alinipigia kuniuliza kifafa cha mimba kinaandikwaje. Yule mtoto wa selimundu yuko ukurasa wa nne, na baba yake, na wale watatu juu yake, na majina tumeyapata kwa bibi mmoja wa Pongwe aliyekuwa ameyahifadhi kichwani. Mwaka huu mmoja wa mabinti wa ukoo alikwenda hudhurio la kwanza na picha ya ule ukurasa kwenye simu. Alimuonyesha nesi wake. Nesi akamuuliza kama na mume wake anaweza kuja kupimwa, na mume akaja.

Anayetaka kuanza kwao, anzeni na maswali haya kwa bibi au shangazi yeyote aliye hai, na muulizeni akiwa ameshiba, siyo msibani: mlizaliwa wangapi, nani alikufa mdogo na aliumwa nini, nani alipata degedege au kuvimba miguu na mikono kwenye mimba, nani alikatwa mguu kwa sukari, nani alianguka ghafla. Wazee hawatasema "kisukari", watasema alikuwa anakunywa maji sana na anakonda. Andikeni kama walivyosema, sisi tutatafsiri.

Kesho niko zamu ya usiku, kwa hiyo walioniandikia kuhusu vipimo vya selimundu nitawajibu keshokutwa. Jumapili tunarudi kwenye kunyonyesha: likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha (au 100 kwa wenye pacha) unafanyaje, na zile saa mbili kwa siku ambazo sheria inakupa za kunyonyesha ukiwa kazini, bosi unamwambiaje.